Manowari Juu ya Meza ya Chakula

Watu huniuliza kwa nini nilichagua manowari. Kwa nini si ndege, kwa nini si gari, kwa nini nisifuge sungura kama wastaafu wenzangu. Kwanza sijastaafu. Pili sina jibu, na swali lenyewe linaniudhi, maana anayeuliza huwa ameshaanza kucheka. Niliona video kwenye simu nikiwa ofisini, muda ambao nilipaswa kuwa nafanya kazi ya mwajiri wangu. Ilikuwa bwawa fulani la Ulaya, mzee amesimama ukingoni na rimoti mkononi, na mbele yake meli ya kijivu, ndefu kama benchi, inakata maji polepole huku mizinga ikigeuka kushoto, ikigeuka kulia. Nikairudia. Nikaenda chooni nikairudia huko. Mwanaume mwenye watoto wawili chuo kikuu.

Niliona haya tangu siku hiyo, nisiwafiche. Nilipokwenda kununua triplex, zile mbao nyembamba za kubandikwa, nilimwambia muuzaji ni ya kabati. Rafiki zangu wa jioni, tuliokuwa tukikutana mahali fulani kunywa kimoja kabla ya kwenda nyumbani, niliwaambia tumbo linanisumbua, daktari kanikataza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawahi nyumbani kujifungia kwenye chumba cha watoto, kilichobaki kitupu baada ya wao kwenda kusoma, nikafungua simu na kuchagua meli.

Kuchagua ni kazi, aisee. Yule mzee wa video, ambaye sijawahi kukutana naye na ambaye nilimwamini kuliko mkuu wangu wa kazi, alikuwa na msimamo mmoja tu: anayeanza achague meli fupi, nene, yenye vitu vichache juu. Nyembamba zinapinduka. Kubwa hazimaliziki, zinabaki nusu juu ya kabati mpaka mwenyewe anakufa na mjane anazitupa. Na kabla ya yote, alisema, pima mlango wa nyumba yako, kwa sababu wapo waliojenga wakamaliza halafu wakashindwa kuitoa nje. Nilimsikiliza kwa makini sana. Halafu nikachagua kubwa kuliko zote, ya vita vya zamani vya wazungu, yenye mizinga tisa iliyopangwa mitatu mitatu. Mizinga yenyewe nilimwagiza kijana mmoja wa Kigali anayechapa vitu vya plastiki kwa mashine, ikaja kwenye basi imefungwa gazeti.

Mke wangu alijua. Alicheka siku mbili, halafu akaacha, kwa sababu aligundua kwamba mume wake sasa anarudi nyumbani mapema na hanuki pombe. "Mi haina shida," alisema. "Ijenge tu. Ikiwa kubwa tutahamia ndani." Yeye alizaliwa na kukulia Goma, mimi wazazi wangu walikimbilia Tanzania nikakulia Mwanza, kwa hiyo nyumbani kwetu hapa Gisenyi kuna Viswahili viwili. Changu yeye anakiita cha redio. Chake mimi nasema ni Kiswahili kilichovaa kaptula. Tumetaniana hivyo tangu tuoane.

Halafu ng'ambo ya mpaka, Goma, kukaharibika. Waliokuwepo wanajua, sina haja ya kueleza. Sisi tunakaa Mbugangari, na Mbugangari na Goma ni kama vyumba viwili vya nyumba moja. Milio ile ya mabomu ilitikisa vyombo kabatini, na kuna siku tulikaa sakafuni kwenye koridoo na godoro kichwani mpaka ikapita. Njia ilipofunguka, mama mkwe wangu akavuka mpaka pale Petite Barrière, wanapopita watu wa miguu, akiwa na begi moja na redio yake ndogo. Alituambia amekuja kutusalimia.

Ni mjane, aliuza vitenge maisha yake yote, akasomesha watoto wake kwa vitenge hivyo, na ana nyumba yake Goma ambayo hajawahi kudaiwa kodi na mtu. Siyo mtu wa kuhurumiwa. Jioni ile mke wangu alinivuta uani, jikoni, akaongea kwa sauti ya chini. "Huyu mama atakaa tu kama anajisikia iko kwake. Akijisikia ni mugeni, atarudi kule. Na akirudi, ikamukuta kitu, mi sitajisamehe. Umesikia?"

Nilisikia. Nikamwambia aniachie mimi.

Nilifanya mambo mawili, na yote mawili nilijivunia. La kwanza, nilimpa mama chumba kile cha watoto. Nilitoa triplex yangu, msumeno, gundi, mifupa ya meli iliyokwisha kusimama, nikahamishia vyote kwenye meza ya chakula. La pili, niliomba likizo yangu ya mwaka. Mke wangu ni muuguzi, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, nami nikamwambia siwezi kumwacha mama yake ashinde peke yake kama mzigo stendi. Alinitazama, machozi yakamlengalenga. Nilitazama pembeni. Nusu ya sababu ilikuwa hiyo kweli. Nusu nyingine ilikuwa mbavu za meli.

Nyumba yetu ni ndogo. Sebule na mahali pa kulia ni chumba kimoja, vyumba vya kulala vyote vinafungukia humo, na jiko liko nje uani. Ukikaa mezani unaona kila anayeingia na kutoka. Nilikaa hapo kuanzia asubuhi mpaka jioni nikijiona mlinzi.

Siku ya kwanza mama alitoka chumbani, tukasalimiana, akasimama kidogo mbali na meza. Mwanamke mrefu, kitenge kimefungwa vizuri, kilemba hakijakaa upande.

"Papa, hii ni mifupa ya nini?"

"Ni meli, mama."

"Ya samaki?"

Ningeweza kusema ndiyo, yakaisha. "Ya vita, mama."

Akaangalia. Mizinga ilikuwa pembeni, juu ya gazeti, imepangwa kama vijiko. "Na hizi zote, ni ya kupiga?"

"Ndiyo, mama. Lakini ni plastiki."

"Bon," akasema, na akarudi chumbani kwake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Huyu mama alikuwa ametoka kulala chini ya kitanda chake kwa sababu ya vitu kama hivyo hivyo, amevuka mpaka kuja kupumzisha masikio, na mkwe wake, mtu wa ofisi, mtu wa kanisani, amempangia mizinga mahali pa kuwekea ugali. Niliikusanya haraka nikaificha kwenye droo ya kabati, chini ya vitambaa vya meza. Mchana ulipofika nikafungua hotipoti ambazo mke wangu aliziacha mezani, nikasogeza gundi, nikaita kwa sauti ya ukarimu, "Mama, karibu chakula!"

"Asante, papa. Nimeshiba," sauti ikatoka chumbani.

"Umeshiba nini, mama, hujala kitu."

"Chai ya asubuhi iko bado."

Nikala peke yangu. Nilijua ni mizinga.

Siku zikaenda hivyo. Kila mchana namkaribisha, kila mchana ameshiba, na usiku mke wangu akirudi anakuta ameshazima taa. Wakati mwingine mke wangu alipokuwa na siku ya kupumzika, wao wawili walichukua sahani zao wakajifungia chumbani kwa mama, nikawasikia wakicheka, nami nikabaki mezani na meli yangu nikiamini kabisa kwamba ninachekwa mimi. Na sikuwalaumu. Mbaya zaidi yalikuwa maswali. Mama alikuwa na adabu mno kunisema waziwazi, basi akawa anauliza.

"Papa, leo hauendi ku kazi?"

"Niko likizo, mama."

"Likizo yote utakuwa hapa ndani?"

"Hapa hapa, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Ee," alisema, na akabaki amesimama mlangoni kidogo, mkono juu ya kitasa.

Siku nyingine: "Papa, haukose kitu ku soko?" Siku nyingine: "Wale barafiki zako ya jioni, hauwaonake tena?" Siku nyingine aliniuliza kama kanisani hawana kwaya ya wababa. Kila swali lilinichoma. Nililielewa hivi: mwanaume gani huyu niliyempa mwanangu, hana kazi, hana marafiki, anacheza na vijiti mchana kutwa. Na ukitaka kujua hasira yangu ilivyo, sikumkasirikia yeye, nilimkasirikia mzee wa video. Nilimzimia simu katikati ya sentensi.

Nilimwambia mke wangu. Yeye alikuwa amechoka, ameloweka miguu kwenye beseni. "Mama ni mutu wa zamani," alisema. "Kwake mwanaume wa kukaa ndani ni mugonjwa. Acha tu, atazoea."

Mimi sikuacha. Nilikaa nikafikiri, nikaona tatizo ni meli niliyochagua, na dawa ni kuchagua nyingine. Kile kisirani chenye mizinga tisa nilikivunja mwenyewe kwa mikono yangu. Inauma kuvunja kitu ulichokigundisha vizuri. Nikachagua ile nyembamba inayokimbia, ambayo kazi yake ni kulinda meli nyingine, yenye mizinga midogo miwili mitatu tu ambayo mtu wa mbali anaweza kudhani ni mabomba ya moshi. Mzee wa video aliikataza. Nikasema atajua nini, yeye hana mama mkwe chumba cha pili.

Nilisimamisha mbavu mpya, nikazivika ngozi ya triplex nyembamba iliyoloweshwa ili ipinde, nikapaka gundi ya kuzuia maji. Niliona inapendeza. Nikaijaribu uani kwenye karai kubwa la kufulia. Ilikaa juu ya maji muda wa mtu kupiga chafya, halafu ikalala ubavu taratibu bila aibu yoyote, ikaonyesha tumbo. Niligeuka nikamkuta mama mlango wa nyuma, anatazama.

"Imekufa?"

"Imepinduka tu, mama."

"Donc utaenda kutafuta ingine?" Aliuliza kwa uchangamfu ambao sikuwa nimeusikia tangu afike. Nikaona ananitania sasa, tena ananitania mbele ya karai.

"Hapana, mama. Nitaitengeneza hapa hapa."

"Hapa hapa," akasema. Akaingia ndani.

Mara moja tu nilitoka kwa safari ya maana. Niliambiwa Rubona, hapo jirani ziwani, kuna fundi wa mitumbwi anayeuza gundi ya fiber, ile ya kuzibia mitumbwi isivuje. Nilimuaga mama, nikamwambia nitachelewa. Alinitakia safari njema mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa mtu anayekwenda Rubona. Lakini nilipofika stendi fundi akanipigia kwamba gundi imekwisha, nisijisumbue, basi nikageuza. Niliingia nyumbani bila kubisha, kwangu nibishe nini.

Mama alikuwa mezani. Amekaa kwenye kiti changu, amenipa mgongo, ameinama. Meli ilikuwa imesogezwa mpaka ukingoni kabisa. Aliposikia mlango alishtuka, akasimama kwa haraka nisiyoitegemea kwa umri wake, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, na akapita mbele yangu kwenda chumbani bila neno, mabega yake yakitikisika. Mkono mwingine ulikuwa umekumbatia kitu chini ya kitenge, nikadhani ni rozari.

Nikajua alikuwa analia. Amekaa mbele ya manowari yangu, peke yake, analia.

Sijui niandike nini kuhusu jioni ile. Niliketi kitini pale pale nikaona haya ya kweli, ile ambayo huwezi kuisimulia ukicheka. Nilijiona mtu mwenye roho mbaya. Kuna watu waliopoteza nyumba zao ng'ambo pale, na mimi nimechagua mchezo wa kutengeneza vitu vya kuangushia nyumba, eti kwa sababu vinapendeza vikiwa majini. Mke wangu aliporudi nikamwambia niliyoyaona. Hakucheka. Alikwenda kumpima mama presha, akakaa naye, akatoka akiwa na uso wa kazini.

"Amekonda," alisema. "Kitenge inamuzunguka mara mbili. Namuuliza unakula, anasema nakula, chakula ya hapa iko mingi." Akatazama meza. "Ni hiyo kitu yako. Iondoe."

"Mizinga nimeshaiondoa."

"Sikusema mizinga."

Tuligombana. Nilimwambia nimetoa chumba, nimetoa likizo, sasa nitoe na pumzi. Aliniambia maneno ambayo yanabaki ndani ya nyumba yetu. Lakini nilikuwa mkaidi, na ndani ya ukaidi wangu nilikuwa naamini kabisa kwamba nimebakiza hatua moja tu ya kumfurahisha yule mama. Sikuona kwamba ningeweza kufunga vyote kwenye boksi nikatoka nikaenda kutembea. Nilitaka nisamehewe pamoja na meli yangu.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikamtii mzee wa video. Nikachagua meli ya kufagia mabomu ya majini. Ni fupi, nene, sitaha iko wazi, karibu haina bunduki. Zile za kweli zilijengwa kwa mbao makusudi, kwa sababu kuna mabomu yanayonusa chuma. Inatangulia mbele ya meli nyingine, inasafisha njia, watu wanapita salama. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyepata barua ya kupandishwa cheo. Kumbe ipo manowari ambayo mtu anaweza kuijenga mbele ya mama mkwe wake. Na inapita mlangoni, nilipima.

Nilijenga haraka, kwa usafi, sijawahi kujenga vizuri namna ile. Mbavu zote ziliposimama nilibisha mlango wa mama. Alitokeza nusu ya uso. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kama mwanafunzi: hii haipigi mtu, mama, hii inaondoa mabomu, inafungua njia ili wengine wapite.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, na naamini alisema kweli, "Hiyo ni kazi muzuri, papa. Hata kule kwetu ingefaa." Moyo wangu ukatua. Halafu akauliza, "Sasa utaipeleka lini ku maji?"

Nikaona ameipenda, ana hamu ya kuiona ikielea. "Bado sana, mama. Hizi ni mbavu tu. Kuna ngozi, kuna rangi, kuna mota na betri, kuna kupima uzito ikae vizuri majini. Lakini usijali, nimeongeza siku za likizo. Sitatoka hapa mezani mpaka iishe."

"Bado sana," alirudia. Akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi begi lake lilikuwa sebuleni, na redio juu yake.

Alisema ng'ambo kumetulia, majirani wamempigia, kuna mtu anataka kulala kwenye nyumba yake na yeye hataki. Hakukuwa kumetulia hivyo. Benki zilikuwa zimefungwa, maji yanakuja siku moja siku mbili hayaji, na watu wenye uwezo walikuwa wanatoka, siyo kuingia. Mke wangu alipiga simu kazini akaomba ruhusa, akamsihi mama yake kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kinyarwanda, akalia. Mama alimpapasa mgongo. Aliendelea kusema tu kwamba yuko na nyumba yake.

Nami nikaja na langu. Nikasema, "Mama, kama ni hii meli, naitupa leo. Naitupa sasa hivi, unaona." Nikaikamata kweli.

Aliogopa. Alinyoosha mkono kana kwamba anazuia mtoto asianguke. "Usiitupe, papa. Iko muzuri. Mutu akiwa na kazi ya mikono, akakaa ku nyumba yake, akaacha pombe, mi nitasema nini? Mwanangu iko na bahati." Alimaanisha, nakuambia. Nilimtazama machoni nikitafuta dharau ambayo niliishi nayo wiki zote zile, sikuiona. Ndipo nikachanganyikiwa kabisa, na aibu yangu ikakosa pa kukaa.

Tulimsindikiza kwa miguu. Mimi nilibeba begi, mke wangu redio. Kwenye Petite Barrière asubuhi hujui nani anakwenda na nani anarudi: akina mama na mabeseni ya nyanya, walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa magunia, wabebaji wanapiga mbinja upishe. Mama alituaga upande wa huku. Mimi alinipa mkono wake huku ameshika kiwiko kwa mkono mwingine, kama anavyonisalimia siku zote, macho chini. Akaonyesha kitambulisho, akaosha mikono kwenye ndoo ya watu wa afya, akapita. Tukabaki kwenye kamba ya mpaka tukimtazama akiingia kwenye foleni ya upande wa pili, kilemba chake kikionekana juu ya vichwa vya wengine.

Mbele yake kulikuwa na mama mmoja mwenye beseni la mandazi, naye anavuka kwenda kuyauza. Mama mkwe wangu alimgusa bega. Wakaongea. Akapewa mandazi kwenye karatasi. Akageuka, akatupa mgongo, akavuta kitenge kikafunika kichwa na uso, na akaanza kula. Alikula amesimama, kwa haraka, moja baada ya jingine, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nilimwona akimgusa tena yule mama wa beseni, akaongezwa.

"Angalia," nikamwambia mke wangu, na nilikuwa na furaha, mimi mjinga. "Anakula. Tulifikiri hana hamu ya chakula."

Mke wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama tena mama yake.

"Mungu wangu," akasema. "Hawezi kula mbele yako."

"Mbele yangu kwa nini?"

"We ni mukwe wake. Mama za kwetu hawakulake mbele ya mukwe, haiwezekani, ni haya kubwa, hata afe. Mi nilijua. Nilijua na nikasahau. Nilikuwa nafikiri utakuwa unatoka, kama zamani." Alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma. "We ulikuwa unatoka saa ngapi?"

Sikuwa natoka. Nilipata picha zote kwa pamoja, na kila moja ilinipiga usoni: soko ambako sikukosa kitu, marafiki ambao sikuwaona, karai, Rubona, ile sahani chini ya kitenge niliyoiita rozari. Nikakumbuka kwao Goma, kila nilipokwenda ukweni, nilivyoandaliwa sebuleni peke yangu, kuku mzima, soda imefunguliwa, na mlango ukafungwa taratibu nyuma yangu. Nilikuwa nikijisifu ofisini kwamba nina mama mkwe anayenitunza kama mfalme. Sikuwahi kujiuliza yeye anakula wapi.

Nilitaka kumwita. Sauti ingemfikia, pale si mbali. Lakini ningemwita nimwambie nini, mbele ya foleni nzima, na mdomo wake umejaa. Na kama angegeuka, jambo la kwanza ambalo angeliona ni mimi, nimesimama, namtazama akila.

Nikageuka. Nikampa mgongo na kutazama huku kwetu, barabara ya kupanda mjini, watu wote wakija usoni kwangu na mabeseni yao. Mbebaji mmoja alinisukuma na gunia akaniambia, "Papa, unaziba njia, angalia mbele." Sikuangalia mbele. Nilisimama hivyo hivyo mpaka mke wangu aliponigusa bega, akaniambia mama amemaliza.